Juma Huanza Lini? Thamani Iliyochomelewa katika Programu ya Kalenda na Hesabu ya Siku za Waswahili

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo dogo la ufundi wa kompyuta: namna thamani iliyofungwa ndani ya msimbo wa programu huria inavyotolewa humo na kutiwa mikononi mwa mtumiaji, ili aisanidi kwa mujibu wa haja yake. Huenda msomaji akauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa isimu na fasihi? Yanatuhusu kwa sababu thamani tutakayoishughulikia ni siku ya kuanza juma. Programu tutakayoichunguza huitwa cal, nayo imekuwa ikichapa kalenda katika kompyuta za jamii ya Unix tangu miaka ya 1970. Siku hizi cal yaweza kuzitaja siku kwa Kiswahili. Hata hivyo, kuzitaja siku kwa Kiswahili ni jambo moja na kuzihesabu kwa Kiswahili ni jambo jingine. Hoja yetu ni kwamba kalenda iliyobadilishwa majina ya siku bila kuguswa mpangilio wake ni tafsiri nusu, na nusu iliyosalia haipatikani katika kamusi. Hupatikana ndani ya msimbo.

Istilahi

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watunzi wake, uko wazi kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa wengine. Mstari wa amri ni ile njia kongwe ya kuiagiza kompyuta kwa kuandika maneno badala ya kubofya picha. Chaguo ni herufi au neno linaloongezwa baada ya jina la programu ili kuubadili mwenendo wake. Chaguo-msingi ni mwenendo unaofuatwa mtumiaji asiposema lolote. Kusanidi ni kuipanga programu ilingane na mahitaji ya anayeitumia. Kazi ya kubuni istilahi za aina hii ilipata msukumo mkubwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Lililobaki bila jina lililotulia ni kinyume cha kusanidika. Wapo wasemao thamani iliyogandishwa, na wapo wasemao iliyokazwa. Mwandishi wa makala haya anapendelea iliyochomelewa, na sababu yake aliipata kwa mafundi wa baiskeli. Kiti cha baiskeli kilichokazwa kwa nati hupandishwa au hushushwa kwa spana, mtu mfupi akapanda na mrefu akapanda. Kiti kilichochomelewa humfaa yule tu aliyepimwa siku ya kuchomelewa. Wengine wote ama hunyoosha miguu wasifikie, ama hukunja magoti hadi kidevuni. Fundi hakukosea. Alimpima mtu mmoja, akadhani amewapima watu wote. Ndivyo ilivyo thamani iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo. Kilichokazwa hulegezwa, kilichochomelewa hukatwa, kisha huundwa upya.

Siku kumi na moja za Septemba

Kabla ya kulifikia juma, tutazame thamani nyingine ya cal ambayo ilichomelewa zamani na ambayo leo imekwisha kufunguliwa, kwa kuwa inatupa kielelezo cha kazi yenyewe. Mtu akiandika cal 9 1752, kompyuta itamchapia mwezi wa ajabu: tarehe 1, tarehe 2, kisha papo hapo tarehe 14. Siku kumi na moja hazimo. Si kosa la uchapaji. Uingereza na makoloni yake waliacha kalenda ya Juliasi na kuingia katika ile ya Papa Gregori mwezi huo wa Septemba 1752, nao walioandika cal wakaifanya tarehe hiyo kuwa mpaka wa dunia nzima.

Katika msimbo wa cal iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mpaka huo umeandikwa kama namba moja: 639799. Namba hiyo yaweza kukaguliwa kwa kalamu na karatasi. Miaka 1751 kamili ya siku 365 ni siku 639115. Ongeza siku 437 za miaka mirefu, kwani kwa Juliasi kila mwaka wa nne ni mrefu, upate 639552. Kutoka Januari Mosi hadi Septemba 3 ya mwaka 1752, ambao nao ni mrefu, ni siku 247. Jumla ni 639799. Hiyo ni siku ya kwanza iliyokosekana. Pembeni yake imeandikwa namba 11, idadi ya siku zilizorukwa, na karibu nayo taarifa moja ambayo Mswahili akiisoma hutabasamu: Januari Mosi ya mwaka wa kwanza ilikuwa Jumamosi. Hesabu yote ya siku katika programu hii imeanzia siku ya mosi, ingawa watunzi wake hawakujua kwamba iko lugha inayoiita hivyo.

Sasa tuitazame Mombasa. Mwaka 1752 mji ulikuwa chini ya Wamazrui. Nyaraka zilitiwa tarehe za Hijria, na wakulima na mabaharia wakahesabu miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi. Hakuna mtu wa Mombasa aliyelala tarehe 2 akaamka tarehe 14. Lakini karne moja na nusu kabla ya hapo walikuwako mjini watu walioandika tarehe kwa kalenda mpya, nao ni Wareno, ambao nchi yao iliipokea kalenda ya Gregori mwaka 1582, miaka kumi na mmoja kabla ya kuanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Wanahistoria wengi hutaja kwamba ngome hiyo iliangukia mikononi mwa Waomani tarehe 13 Desemba 1698. Ilikuwa siku gani? Cal ikiulizwa bila nyongeza hujibu kuwa ni Jumanne, kwa sababu mwaka 1698 uko nyuma ya mpaka wa Waingereza na hivyo huhesabiwa kwa Juliasi. Kwa kalenda waliyoitumia Wareno wenyewe, siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mwanafunzi wa historia anayeiamini kompyuta bila kuihoji atapotoka kwa siku tatu nzima, na hatajua.

Dawa yake ilipatikana. Programu dada ya cal, iitwayo ncal, iliyoandikwa katika mradi wa FreeBSD miaka ya 1990, ina chaguo -s linalofuatwa na herufi mbili za nchi. Ukiandika PT, mpaka unahama hadi 1582 kama ilivyokuwa Ureno. Cal iliyomo katika mkusanyo wa util-linux, ambayo ndiyo hutumika katika kompyuta nyingi za Linux, nayo baadaye iliongezewa chaguo --reform, ambalo hukubali mpaka wa 1752, au kalenda ya Gregori tangu mwanzo wa hesabu, au ile ya Juliasi mpaka mwisho. Angalia jambo moja: katika cal chaguo-msingi limebaki ni 1752, na ncal nayo huirudia tarehe hiyo isipoweza kukisia mpaka kutokana na mazingira ya mtumiaji. Aliyezoea hakubughudhiwa, na mwenye haja nyingine amefunguliwa mlango.

Hesabu iliyomo ndani ya majina

Tuje kwenye juma lenyewe. Kila mwanafunzi wa Kiswahili amefundishwa kwamba Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, kisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Tukifika hapo hesabu ya Kibantu inakatika. Hatuna Jumasita. Tuna Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa sababu Mwarabu huanza kuhesabu Jumapili, ambayo kwake ni siku ya kwanza. Kwa hiyo Mswahili kila juma huhesabu tano mara mbili mfululizo: tano ya kwake, halafu tano ya kuazima, ambayo kwa nafasi yake ni ya sita. Ijumaa haina namba. Ni siku ya mkusanyiko, ndiyo nguzo ambayo hesabu yote imefungwa kwayo.

Si Waswahili peke yao walioziweka namba ndani ya majina ya siku. Wareno huiita Jumatatu siku ya pili, sawa na Waarabu, kwa kuwa nao huanzia Jumapili. Kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, huiita Jumatatu siku ya kwanza. Siku ileile basi ni ya tatu Mombasa, ya pili Lisbon na Maskati, na ya kwanza katika karatasi za viwango vya kimataifa. Wakristo wa pwani wameishi na utata huu muda mrefu. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875, inapakana na mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Katika Injili, siku ya ufufuo ni ya kwanza katika juma. Nje ya kanisa, muumini huyohuyo huiita Jumapili, na pili ni pili. Hakuna anayekosa ibada kwa sababu hiyo, lakini ni dhahiri kwamba jina linasema hili na matumizi yanasema lile.

Aidha, lugha yenyewe imejitafutia njia ya kutenganisha. Tuna neno juma, na tuna neno wiki tulilolipata kwa Waingereza. Kamusi huyafafanua kama visawe. Sikio la mwandishi halikubaliani na kamusi kikamilifu: wiki ni ya ofisi, ya mshahara na ya shule, nayo huanza Jumatatu asubuhi, juma ni la hesabu ya siku, nalo hufungwa na Ijumaa. Ukiambiwa Alhamisi kwamba mtu atakuja Jumamosi ya juma lijalo, ni ya keshokutwa au ni ya siku tisa zijazo? Jibu linategemea ni siku gani inayoanza hesabu kichwani mwa msemaji.

Mwalimu na ratiba ya ukutani

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mgeni. Ziwa la Ng'ombe ni mtaa wa bara ya kaskazini ya Mombasa, ambao zamani ulikuwa katika eneo bunge la Kisauni na ambao tangu uchaguzi wa 2013 ni wadi ya eneo bunge la Nyali. Tuseme mwalimu wa madrasa mtaani humo ana kompyuta kuukuu yenye Linux, na anataka kubandika ukutani kalenda ya mwezi ili watoto wajue siku zao. Kwa desturi kongwe ya vyuo vya Kurani vya pwani, mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na masomo yakarudi Jumamosi. Mwalimu wetu amebaki na mpango huo. Kwake yeye safu ya kwanza ya kalenda ni Jumamosi, na safu mbili za mwisho ni za mapumziko.

Anaiweka kompyuta katika Kiswahili cha Kenya, anaandika cal. Majina yanatoka kwa Kiswahili. Kwa kuwa Juma- ingejirudia mara tano na nafasi ya kila safu ni herufi mbili tu, watafsiri wameingiza vifupisho vilevile ambavyo watu huandika katika ujumbe mfupi wa simu: J1, J2, J3. Ni ufumbuzi mzuri kabisa. Lakini kalenda ikipangwa kwa kuanza Jumapili, kama ilivyo kawaida ya Kenya kwenye kompyuta, kichwa chake husomeka hivi:

J2 J3 J4 J5 Al Ij J1

Mtoto wa miaka saba anayejua kuhesabu ataona kasoro kabla ya mwalimu. Mbili, tatu, nne, tano, kisha moja imetupwa mwisho. Mwalimu akijaribu chaguo -m, la kuanza Jumatatu, hali inazidi:

J3 J4 J5 Al Ij J1 J2

Anachokitaka ni hiki:

J1 J2 J3 J4 J5 Al Ij

Wala si suala la kichwa peke yake. Tuchukue Juni 1963, mwezi wa Madaraka ya kwanza, ambao tarehe yake 1 ilikuwa Jumamosi. Kwa mpangilio wa Jumapili, tarehe 1 hukaa peke yake ukingoni mwa mstari wa kwanza na tarehe 30 hukaa peke yake mwanzoni mwa mstari wa sita. Kwa mpangilio wa Jumamosi, mwezi huanza kwenye kona na kuenea mistari mitano, siku mbili tu zikibaki katika mstari wa mwisho.

Cal ya util-linux ina chaguo -s la Jumapili na chaguo -m la Jumatatu. La Jumamosi halimo. Ncal nayo ina -S na -M kwa siku zizo hizo mbili. Watunzi walipoitoa thamani iliyochomelewa, waliifungua nusu: badala ya kiti kisichosogea, tukapewa kiti chenye matundu mawili. Hapana budi kusema kwamba iko programu nyingine, Gcal ya mradi wa GNU, ambayo hukubali siku yoyote ya juma kuwa ya kwanza. Kwa hiyo jambo hili si gumu, na limeshafanywa.

Njia tatu za kuisanidi thamani

Thamani ikishatolewa ndani ya msimbo, itakaa wapi? Kwa kawaida kuna mahali patatu. Pa kwanza ni mstari wa amri wenyewe, yaani chaguo linaloandikwa kila mara. Pa pili ni mazingira ya mtumiaji: neno analoliweka mara moja katika kompyuta yake na programu zote hulisoma. Pa tatu ni faili la desturi za mahali, linalohifadhi kwa kila lugha na nchi majina ya siku na miezi, alama ya fedha, namna ya kuandika tarehe na, ndani yake, siku ya kuanza juma. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba lililo karibu na mtumiaji hushinda: chaguo la mstari wa amri hulitangua neno la mazingira, nalo hulitangua faili.

Cal ya util-linux, isipopewa -s wala -m, hulisoma faili la desturi za mahali. Katika faili hilo kuna mstari unaotaja tarehe moja ya marejeo, mara nyingi Novemba 30, 1997, ambayo ilikuwa Jumapili, na mstari mwingine wenye namba: 1 ikiwa juma huanza siku hiyo ya marejeo, 2 ikiwa huanza kesho yake, na kuendelea hadi 7, ambayo ni Jumamosi. Kwa hiyo mwalimu wetu, akiwa na ujuzi na ruhusa, angeweza kulinakili faili la Kiswahili cha Kenya, akaweka 7, akalikusanya upya. Lakini tumtake hivyo mtu ambaye haja yake ni karatasi moja ya ukutani?

Tena mafaili hayo hufuata nchi, hayafuati lugha. Katika hazina ya CLDR ya Muungano wa Unicode, ambako programu nyingi huchota desturi za mahali, juma la Kenya huanza Jumapili. Tanzania haikutajwa kipekee, hivyo hufuata desturi ya jumla ya dunia, yaani Jumatatu. Mtu akitoka Lungalunga akaingia Horohoro, lugha ni ileile na juma limesogea. Oman, waliko Waswahili wengi, imeandikwa Jumamosi. Isitoshe, serikali huamua na kubadili: Oman ilihamisha mapumziko kutoka Alhamisi na Ijumaa hadi Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013, na Falme za Kiarabu zikaingia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa 2022. Thamani inayoweza kubadilishwa kwa tangazo la serikali haifai kuchomelewa popote.

Kazi yenyewe

Anayetaka kuiongeza cal chaguo la siku yoyote atafanya nini? Hatua ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, nayo ni kusoma. Thamani iliyochomelewa haikai mahali pamoja. Katika msimbo wa zamani wa Berkeley siku ya kwanza imejificha angalau mara mbili: katika kichwa cha kalenda, kilichoandikwa kama mfuatano mmoja wa herufi za Kiingereza kuanzia Jumapili, na katika hesabu ya nafasi ya tarehe 1, ambapo Jumapili ni sifuri na Jumamosi ni sita. Programu zinazochapa namba za wiki huwa na mahali pa tatu. Ukirekebisha kichwa ukasahau hesabu, kalenda itatoka nadhifu na ya uongo, nayo ndiyo kasoro mbaya kuliko zote kwa sababu haionekani.

Hatua ya pili ni kuipa thamani jina na kuikalisha mahali pamoja, kila sehemu nyingine iulize hapo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua namba ya siku, toa namba ya siku ya kwanza, ongeza saba, gawanya kwa saba, na baki ndilo safu. Juma likianza Jumamosi, yaani 6, Jumapili ambayo ni 0 huwa 0 toa 6 ongeza 7, sawa na 1, safu ya pili. Ijumaa ambayo ni 5 huwa 6, safu ya mwisho. Jumamosi yenyewe huwa 7, ambayo ikigawanywa kwa saba hubaki sifuri, safu ya kwanza. Kichwa nacho hupangwa kwa hesabu hiyohiyo.

Hatua ya tatu ni kuamua mtumiaji ataandika nini, na hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika kuliko mhandisi. Njia iliyo rahisi kwa mhandisi ni namba. Lakini namba ipi? Mtumiaji akiandika 1, kwa kanuni ya ISO amesema Jumatatu, kwa faili la desturi za mahali lenye marejeo ya Novemba 30 amesema Jumapili, na kwa Kiswahili amesema Jumamosi. Tungeitoa thamani moja iliyochomelewa na papo hapo tukachomelea nyingine, ya hesabu, ndani ya chaguo lenyewe. Ushauri wa mwandishi ni kukubali majina: jina kamili la siku kama lilivyo katika lugha aliyoichagua mtumiaji, pamoja na jina la Kiingereza kwa ajili ya amri zinazohifadhiwa na kutumiwa katika kompyuta nyingi. Atakayeandika jumamosi aeleweke. Atakayeandika jumasita aambiwe kwa adabu kwamba siku hiyo haipo, wala programu isimkisie Alhamisi.

Vifupisho J1 hadi J5 vikubaliwe? Mwandishi angevikubali, kwa kuwa vimo katika faili la Kiswahili na haviwezi kuchanganywa na namba tupu.

Kuhusu chaguo-msingi, lisiguswe. Kuna watakaodai kwamba cal ikiwa katika Kiswahili ianze Jumamosi bila kuulizwa, na dai hilo lina mvuto kwa mpenzi wa lugha. Lakini ofisi, benki na shule za Kenya zinazotumia Kiswahili hazianzi kazi Jumamosi, na ziko programu nyingine zinazosoma matokeo ya cal zikitegemea safu zikae zilipokaa jana. Tukimchomelea karani siku ya mwalimu, tutakuwa tumemkata miguu mmoja ili kumfaa mwingine.

Kisha majaribio. Juni 1963 ni mwezi mzuri wa kwanza, kwa kuwa lazima uanze kwenye kona. Desemba 1963 ufuate: tarehe 12, siku ya uhuru, ilikuwa Alhamisi, na katika mpangilio mpya ni lazima ionekane katika safu ya sita chini ya jina lenye maana ya tano. Mwisho Septemba 1752, ambao hukamata makosa yote. Ukianza Jumamosi, safu tatu za mwanzo zitakuwa tupu, 1 itakaa Jumanne, 2 Jumatano, 14 Alhamisi, 15 Ijumaa, na mstari wa pili utaanza na 16. Ikitokea vinginevyo, hesabu imevurugika mahali.

Linalosalia ni maelezo. Programu huria haipokei badiliko lisilo na mstari wake katika kitabu cha mwongozo, na mstari huo ndio watafsiri watakaokuja kuugeuza Kiswahili. Jina la chaguo halitafsiriwi, kwani amri lazima ifanye kazi popote. Kinachotafsiriwa ni ufafanuzi unaotokea mtumiaji akiomba msaada. Mtafsiri wa haraka ataandika kwamba chaguo hili huweka siku ya kwanza ya wiki. Mwandishi angependekeza: huweka siku inayoanza juma. Mwalimu wa Ziwa la Ng'ombe akisoma hivyo, na mbele yake akaona mfano wenye jina jumamosi, atajua la kuandika bila kumwita fundi.